Bomba Lililozinduliwa Mara Tatu

Bomba letu limezinduliwa mara tatu. Si mabomba matatu, la, bomba moja lilelile, kona ya juu ya mtaa, pale mlima unapoishia. Mara ya kwanza miaka ya sabini, mara ya pili miaka ya tisini, na mara ya tatu majuzi tu, mbele ya macho yangu. Kila mara utepe, kila mara mkasi, kila mara mkubwa fulani anafungua koki, maji yanaruka, watu wanapiga makofi, mkubwa anapanda gari anaondoka. Na kila mara wanaoimba ni sisi, Kwaya ya Mlimani. Sijisifu, lakini kwaya kama yetu mtaitafuta sana. Wakubwa wanakuja na kupita, bomba linaota kutu, sisi tupo.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba kimoja chenye vioo viwili na benchi la wanaosubiri zamu, na wateja wakiisha tunasogeza viti ukutani, panakuwa ukumbi wa mazoezi. Kwaya aliianzisha mama yangu. Sasa umri umekwenda, kifua kinambana, sauti imebaki ya kugombeza watu tu, kwa hiyo uongozi kaniachia mimi. Anashinda saluni kwenye kiti chake cha plastiki karibu na mlango, na hakuna kichwa kinachotoka humo bila yeye kukikagua.

Ukutani nimetundika picha mbili za kwaya. Ya kwanza ni ya sabini: kina mama vijana, nywele zimechanuliwa mviringo, mikono ya magauni imejaa upepo. Ya pili ni ya tisini: nywele zinang'aa kwa mafuta, mabega yamewekwa sponji mpaka unadhani wanakwenda kucheza mieleka. Katika picha zote mbili, nyuma kuna bomba, na mbele ya bomba kuna mkubwa ameshika mkasi. Juzijuzi binti mmoja wa chuo aliingia, akanionyesha picha kwenye simu. "Anti, nataka hivi. Ni mpya, imeingia mwezi huu." Nikaitazama simu, nikautazama ukuta. Ilikuwa nywele ya mama yangu, hakikupungua kitu.

"Mwambie," mama akasema kutoka mlangoni, "mimi niliichoka hiyo kabla mama yake hajazaliwa."

Tulicheka mpaka mteja mwenye dawa kichwani akatuomba tumkumbuke, inamuunguza. Lakini mimi nimeshika vichwa vya watu vya kutosha, najua hakuna mtindo unaokufa. Unalala tu, kisha unaamka na jina jingine, na kijana anayeuamsha anaapa kauzaa yeye. Siasa nazo ni vivyo hivyo, ila siasa hazilipi msusi.

Sasa niwaambie kuhusu wimbo, maana kisa chote kimo humo. Ni wimbo mfupi. Anayeongoza anauliza, "Nani kaleta maji mlimani?" Kwaya inaitikia, "Ni fulani!" Halafu unafuata ubeti, halafu swali tena. Pale pa fulani ndipo panapobadilika. Sisi wenyewe tunapaita kiti. Kabla ya kila sherehe mtu anauliza, "Jamani, kitini yupo nani safari hii?" Tunaambiwa, tunamkalisha, tunaimba.

Lakini kiti hicho kilikuwa na mwenyewe. Miaka hiyo ya sabini, manispaa ilishusha mabomba ya chuma chini ya mlima, ikaondoka. Mabomba yakalala pale mpaka majani yakayafunika. Vibarua wa kuchimba mtaro hawakuja. Ukienda ofisini unajibiwa, "Hivi karibuni." Hiyo hivi karibuni yao ilipita masika mbili. Ndipo muuza mkaa mmoja, mwanamke mfupi, mweusi wa masizi mpaka kwenye kope, akatoka asubuhi na sululu begani, akaanza kuchimba mbele ya mlango wake mwenyewe. Hakuita mkutano wala hakumwomba mtu. Wenzake walimcheka. Akawajibu bila kuinua kichwa, "Mtaka cha uvunguni sharti ainame." Kufika mchana mwanamke wa pili alikuwa mtaroni, na mwisho wa juma mtaa mzima wa wanawake ulikuwa unachimba, na mama yangu miongoni mwao. Wimbo mama aliutunga humo humo, wa kwendea pamoja, majembe yashuke kwa mpigo mmoja. Nani kaleta maji mlimani? Ni Sululu! Hilo ndilo jina walilompa yule muuza mkaa, na ndilo analoitwa mpaka leo, Bi Sululu. La kuzaliwa nadhani hata yeye amelisahau.

Maji yalipofika juu, serikali nayo ikafika. Siku moja kabla ya sherehe akaja bwana wa itifaki, suti imemkaa, akasikiliza mazoezi akasema wimbo ni mtamu sana, ila mbele ya mkubwa hauwezi kumwimba muuza mkaa. Bi Sululu akatolewa kitini, akakalishwa mkubwa. Huyo sisi tunamwita Fimbo, kwa sababu ya ile fimbo aliyokuwa haachi. Mama alikataa, ikawa ugomvi, na aliyeumaliza ni Bi Sululu mwenyewe. Alisema, "Mwacheni akae. Katoka mbali, atachoka kusimama." Watu wakacheka, mambo yakaisha. Lakini tangu siku hiyo, wimbo ukianza tu, Bi Sululu anaingia ndani kwake na kufunga mlango. Na mlango wake unatazamana na bomba.

Miaka ya tisini Fimbo alikuwa ameshaanguka, hata jina lake ukilitaja watu wanatazama nyuma. Bomba lilikuwa limekauka siku nyingi. Likabadilishwa koki, likapakwa rangi ya buluu, na mkubwa mpya, Miwani, akaja kulizindua kana kwamba limeshuka jana kutoka mbinguni. Kwaya ikafundishwa jina jipya, ikalifanyia mazoezi, ikalijua. Siku yenyewe mama akauliza, "Nani kaleta maji mlimani?" na kwaya nzima, kwa nguvu zote, kwa mazoea ya miaka, ikaitikia jina la Fimbo! Nilikuwepo, binti wa shule, nimesimama safu ya nyuma. Ule ukimya siwezi kuwasimulia. Kuku walisikika wakiparua.

Mama alichukuliwa, akahojiwa kutwa nzima. Sisi watoto wake wanne tulikaa kizingitini tunalia. Jua linazama tukamwona anapanda mlima mwenyewe, kiatu mkononi. "Wameniuliza nani alinituma," alisema. "Nikawaambia ulimi. Hauna mfupa, na mimi sikuuumba." Akaingia jikoni. Kwaya ikafungiwa, na ilikaa kimya miaka mingi. Mama alitania, lakini usiku huo alikagua komeo la mlango mara tatu, nilimwona.

Basi ndiyo muelewe moyo wangu ulivyofanya mwaka huu, mdogo wangu wa kiume alipoingia saluni na bahasha mkononi. Huyu ni kitinda mimba wa mama, na ndiye Katibu wa mtaa wetu. Mtoto mzuri, mpole, shati limepigwa pasi hata Jumapili. "Dada," akasema, "bomba limefungwa koki mpya na tangi jipya. Mkubwa anakuja kulizindua. Wanataka kwaya."

Mkubwa wa sasa tunamwita Tabasamu, maana hakuna ukuta usio na meno yake.

Tukaanza mazoezi. Tatizo la kwanza lilikuwa jina. Maagizo yalisema litajwe kamili, pamoja na vyeo vyake viwili. Kiti kile kilipimwa kwa Sululu, silabi tatu. Wanaume wa sauti ya chini walijaribu kuliingiza lote wakaishiwa pumzi katikati ya ukoo, mmoja akakohoa, safu ya kina dada ikaangua kicheko, na mazoezi yakavunjika.

"Wa kwanza alienea," mama akasema. "Wa pili tulimsahau. Huyu wa tatu hata mlangoni hapiti. Basi mrudisheni mwenye kiti chake."

Kicheko kikakatika. Mdogo wangu akamgeukia. "Mama, tafadhali usianze."

"Sianzi, namaliza. Shoga yangu amezeeka na mimi nimezeeka. Sina muda wa kumsubiri mkubwa wa nne. Nataka ausikie wimbo wake angali na masikio."

"Mama, mimi ndiye niliyeandika kwamba kwaya iko tayari. Mkiharibu, nitaitwa mimi. Wataniuliza nani alinituma. Nina watoto watatu wanasoma."

"Mimi nilipoitwa nilikuwa na wanne," mama akajibu.

Mdogo wangu akainuka kuelekea mlangoni. Wanakwaya wakaanza kutafuta mikoba yao mmoja mmoja, mnajua watu wanavyofanya ugomvi wa nyumba ya mtu ukiwakuta. Nikamsindikiza mpaka nje. Pale kwenye ngazi akanishika mkono kama alivyokuwa akinishika tukivuka barabara utotoni. "Dada, mama ni mama, siwezi kumkataza. Lakini anayeongoza ni wewe. Nakuomba." Nikamwambia ukweli, kwamba sijui nitakachoimba. Nilimpenda yeye na nilimpenda mama, na nilijua mmoja wao atalala na maumivu kwa sababu ya kinywa changu.

Siku ikafika. Sare tulishona zile za sabini, mikono ya upepo, na wasichana wa kwaya wakazipenda kupita kiasi, wanapiga picha kila upande, "Anti, huu mtindo umetoka wapi?" Sikuwajibu. Mahema yalijaa viti vya wageni. Mama tulimbeba na kiti chake tukamweka mbele. Bi Sululu hakupata kadi ya mwaliko. Alikaa kizingitini kwake, ng'ambo ya bomba, mikono magotini, anatazama watu wanavyomkanyagia ua.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa mshereheshaji, kipaza sauti mkononi, jasho linamtoka kwenye kola. Akamkaribisha Tabasamu. Naye mtu yule anajua kuongea, msimnyime haki yake. Akasifu mandhari, akasifu kina mama, akasema maji ni uhai. Kisha akanyanyua mkasi akasema, "Ndugu zangu, leo, kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa huu, maji yamepanda mlima!"

"Ya tatu," mama akasema.

Hakunong'ona. Hema zima lilisikia, na watu wazima wakacheka chini chini, maana maneno yale yale walishayasikia kwa Fimbo na kwa Miwani, mpaka ile historia ya mtaa. Tabasamu akaendelea kutabasamu. Bwana wa itifaki wa siku hizi, suti imemkaa kama ya yule wa zamani, akatupa ishara tuimbe haraka.

Tukasimama. Nikavuta pumzi. Ng'ambo, nikamwona Bi Sululu anashika fremu ya mlango ajivute ainuke. Anaingia ndani. Alikuwa akifanya hivyo tangu mimi natambaa, na safari hii magoti yalimgomea, akasimama nusu, amekwama, ametugeuzia mgongo. Mwanamke aliyeleta maji anakimbia wimbo wa maji, na kukimbia kwenyewe hawezi tena. Hasira ikanipanda kutoka miguuni. Nikamtafuta mdogo wangu kwa macho, nikamwambia moyoni, nisamehe, baba.

"Nani kaleta maji mlimani?" nikauliza. Na sikuwaachia wanakwaya wahangaike. Nikajijibu mwenyewe, kwa sauti ya kuvunja vioo, "Ni Sululuuu!"

Wale wazee wa kwaya hawakusita hata kidogo. "Ni Sululu!" wakaitikia, kana kwamba walikuwa wameliweka jina hilo mdomoni miaka yote wakisubiri ruhusa. Vijana wakafuata. Nikauliza tena, wakaitikia tena, na mara hii hata kina mama waliosimama nje ya hema waliitikia.

Bwana wa itifaki akamkimbilia mdogo wangu, akamnong'oneza, akapitisha kidole shingoni kumwonyesha kwamba tukatwe. Nilimwona mdogo wangu anameza mate. Akaanza kutembea kuja kwetu. Nikasema, haya, liwalo na liwe, anamnyamazisha dada yake mbele za watu na mimi nitamsamehe. Lakini hakusimama kwetu. Akatupita, akavuka hadi ng'ambo, akaenda kumshika Bi Sululu kiwiko, akamgeuza taratibu, akampa kipaza sauti.

Bi Sululu alikitazama kile chuma kama kinauma. Kisha akakisogeza mdomoni.

"Ebo!" akasema, na sauti ikatoka kwenye spika zote. "Mimi peke yangu? Mtaro wote ule nimeuchimba peke yangu? Mnataka niseme uongo uzeeni?" Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Mwimbeni Tingatinga. Mwamba wa kona aliuvunja yeye, si mimi."

Nikamkalisha. "Nani kaleta maji mlimani?" "Ni Tingatinga!" Ndani ya hema la wageni, muuguzi mmoja wa zahanati akaruka kutoka kitini, kofia imemwendea upande. "Huyo ni bibi yangu!" akapiga kelele. "Jamani, huyo ni bibi yangu mzaa mama!"

"Mwimbeni Karai," Bi Sululu akaagiza. "Udongo wote alibeba yeye." Tukamwimba Karai, na fundi baiskeli akavua kofia, kwa sababu ni mama yake. "Mwimbeni Kidevu." "Mwimbeni Mama Mapacha, alichimba na mmoja mgongoni na mwingine kifuani." Kila jina likiinuka, mahali fulani mtu aliinuka nalo. Mwalimu. Dereva wa lori la taka. Askari mmoja wa ulinzi wa mkubwa alifuta macho kwa kiganja akijifanya kuna vumbi, na vumbi halikuwepo. Mimi nilikuwa nauliza tu na kukalisha, kuuliza na kukalisha, koo linaniwaka, na katika maisha yangu yote sijawahi kuuonea fahari mtaa huu kama saa ile.

Tabasamu alibaki amesimama na mkasi wake. Kisha akauweka chini, akaanza kupiga makofi pamoja nasi. Kama aliguswa au alikuwa anahesabu kura sijui, mwanasiasa ni mwanasiasa. Lakini bwana wa itifaki alipomwona mkubwa wake anapiga makofi, naye akapiga, tena kwa bidii kuliko wote.

Bi Sululu akainua mkono, tukanyamaza.

"Bado mmoja," akasema. "Kinanda."

Hakuna aliyeinuka. Watu wakatazamana. Hata mimi, niliyelelewa na visa vya mtaro ule kama wengine walivyolelewa na uji, jina hilo sikuwahi kulisikia.

"Kinanda alichimba nasi akiwa na mimba ya huyu kijana aliyenipa kipaza sauti," Bi Sululu akasema. "Tukimwambia pumzika, anakaa ukingoni anaimba. Mikono ilituisha, nasema ukweli, kuna siku tulitaka kuyatupa majembe. Kilichotufikisha juu ni kile kinywa. Tukamwita Kinanda. Amewaimbia wakubwa wote hawa, na mimi akataka aniimbie mpaka akagombana na serikali. Mwenyewe hajajiimba hata siku moja."

Akamnyooshea mama kidole.

Mama alianza kukataa kwa kichwa. "Wee, niache mimi," alisema, "acha mambo yako, shoga," na akajitafutia ukingo wa kitambaa chake cha kichwani ajifunike uso. Mdogo wangu akavuka kurudi, akasimama katika safu ya wanaume, yeye ambaye hajawahi kuimba hata bafuni, shati limelowa mgongo mzima. Akanitazama akatikisa kichwa kwamba nianze.

"Nani kaleta maji mlimani?" nikauliza.

Kwa mazoea mama akafungua kinywa aitikie. Kwaya ikamtangulia. Ikaitikia jina lake, na mahema yakaitikia, na waliokaa juu ya kuta wakaitikia, akafunga kinywa taratibu, akaweka mikono mapajani, akakaa akisikiliza.